Anayeshika Ufunguo wa Pikipiki

Mvulana wa miaka 16 anayebeba abiria kati ya Kiminini na mji wa Kitale, kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, hana leseni ya boda boda, na hata akiitaka hataipata. Leseni huombwa kwa nambari ya kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hupewa mtu aliyetimiza miaka 18. Abiria wake wanalijua hilo. Askari wa barabarani wanalijua. Mwalimu wake wa darasa analijua pia. Ndiyo maana kila ninaposikia hoja kwamba vijana wanaotoroka shule wanyimwe leseni, na wanaohudhuria na kupita mitihani ndio waruhusiwe kuendesha, hujiuliza: huyu wa Kiminini tutamnyang'anya nini?

Hoja yenyewe hurudi kila shule zinapofunguliwa, karo inapodaiwa na madawati ya wavulana yanapobaki wazi katika madarasa ya sekondari. Husemwa kwenye mikutano ya wazazi na kwenye baraza za chifu. Wanaoisema wana uchungu wa kweli, nami ninao. Kutoka Endebess, Trans Nzoia, hadi Kanduyi, Bungoma, pikipiki imekuwa mojawapo ya milango mipana ambayo mvulana hutokea shuleni asirudi. Nakubaliana nao kabisa kwamba barabara na darasa havina budi kufungamanishwa. Tunapoachana ni katika kumtaja wa kubanwa. Wao wanamtaja mtoto na leseni yake. Mimi namtaja mwenye pikipiki, aliyempa ufunguo, na baada yake steji, yaani kituo cha boda boda, iliyomkubali mtoto huyo kwenye foleni.

Wazo la leseni lilizaliwa Marekani, na ni vyema tulitazame kwa makini kabla ya kuliazima. Jimbo la West Virginia ndilo lililotangulia, mwaka 1988. Sheria yake ilisema kijana wa chini ya miaka 18 akiacha shule anapoteza leseni. Utoro ukapewa kipimo: siku 10 mfululizo bila sababu, au siku 15 kwa jumla katika muhula. Shule inaarifu idara ya leseni, idara inamwandikia kijana, naye anakaa bila kuendesha mpaka arudi darasani au atimize miaka 18. Majimbo mengine yakafuata. Tennessee ikaongeza sharti la masomo: asiyepita idadi fulani ya masomo katika muhula naye anakosa ruhusa. Kentucky ikaweka sheria ya aina hiyo hiyo.

Kule sheria hizo zina meno kwa sababu moja kubwa. Kijana wa mashambani Marekani hana matatu wala boda. Bila gari hafiki kwenye kazi yake ya jioni, hafiki uwanjani, hafiki kwa marafiki. Katika majimbo mengi anaweza kupata leseni yenye masharti akiwa na miaka 16, na hiyo leseni ndiyo uhuru wake wa kwanza. Serikali ndiyo iliyompa, kwa hiyo serikali inaweza kuichukua, na mzazi wake ataogopa bima na faini kiasi cha kumficha funguo za gari. Kamba imefungwa mahali panapouma.

Hata hivyo matokeo yake yana utata. Wachumi waliochunguza sheria hizi waliona mwanzoni kwamba zilisaidia, hasa kwa wavulana, ambao walipunguza saa za kazi na starehe wakaongeza saa za masomo. Utafiti uliofuata ukatazama kwa undani zaidi na kuona jambo jingine: baadhi ya vijana walibaki shuleni kwa jina tu, wakarudia madarasa huku wakisubiri kutimiza miaka 18, kisha wakaondoka bila cheti. Leseni iliwashika miguu tu.

Kisha kuna kesi ya Kentucky. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliibatilisha sheria yake, na sababu iliyotolewa inatuhusu sana. Sheria ilikuwa ikitumika tu katika wilaya zilizokuwa na programu ya elimu mbadala, yaani mahali ambapo aliyeshindwa na shule ya kawaida alikuwa na pengine pa kwenda. Kijana wa wilaya moja akaadhibiwa na mwenziwe wa wilaya ya jirani akaachwa. Mahakama ikaona hapo hakuna usawa. Sheria ilirudi mwaka 2007 baada ya kurekebishwa. Nitaigusa tena kesi hiyo mbele, kwa maana kaunti zetu za Bungoma na Trans Nzoia zina swali lile lile la kujibu: tukimfukuza mvulana barabarani, tunampeleka wapi?

Sasa turudi kwetu. Boda boda ilizaliwa mpakani, Busia na Malaba, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo kati ya Kenya na Uganda. Baiskeli ilikuwa na kinga yake dhidi ya utoto. Kumpandisha mtu mzima na gunia lake mlimani kulitaka mapaja ambayo mvulana wa miaka 14 hakuwa nayo. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, na mambo yakabadilika kwa kasi. Mwaka 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya nzima hazikufika 4,000. Mwaka 2010 zilipita 110,000. Injini ikaondoa haja ya mapaja. Mtoto ambaye miguu yake inagusa chini akiwa juu ya pikipiki aina ya Boxer anaweza kubeba abiria watatu na mkungu wa ndizi.

Baada ya ushuru kuondolewa yakaja makampuni ya mikopo. Mtu anatoa kianzio kidogo, anapewa pikipiki, kisha analipa kwa simu kila siku au kila wiki kwa mwaka na zaidi. Mpango huu umewapa watu wazima wengi kazi ya halali, na siupuuzi. Lakini una tabia moja ambayo wasomi wa elimu hawaizungumzii: deni halijui Jumapili wala homa ya malaria. Likikosa kulipwa, pikipiki inafuatwa. Kwa hiyo chombo hakitakiwi kulala. Mkopaji akichoka, akiugua, akienda matangani, lazima mtu mwingine akae kwenye kiti. Hapo ndipo mvulana wa shule anapopatiwa nafasi. Huitwa kuziba pengo ambalo deni limelichimba.

Tazama Kamukuywa saa kumi na moja jioni, mahali ambapo barabara ya Kitale na Webuye inakutana na ile ya Kimilili. Mtu aliyeendesha tangu alfajiri anashuka, ananyoosha mgongo, anamkabidhi pikipiki kijana aliyekuwa akimngoja kando ya kibanda cha chapati. Zamu hii vijana huiita skwodi. Kijana amevaa suruali ya kijivu ya shule, na juu ya shati jeupe amevaa reflekta ya yule mtu, yenye nambari isiyo yake. Anaitikisa pikipiki kidogo asikilize petroli ndani ya tangi. Wanaelewana: ifikapo saa tatu usiku alete mia mbili, na petroli airudishe ilipokuwa. Helmeti ni moja, imening'inia kwenye usukani, na usiku ule haitavaliwa na mtu.

Wiki ya kwanza ni jioni tu. Kesho yake yuko darasani, macho mekundu. Kisha Jumamosi nzima. Kisha siku ya soko Chwele, kwa sababu siku hiyo abiria hawaishi. Kisha Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa hakuna hisabati. Ukimuuliza baadaye aliacha shule lini, hawezi kukujibu, kwa maana hakuna siku aliyoiacha. Iliyeyuka. Jambo hili ni muhimu kwa yeyote anayetaka kutunga sheria, kwa sababu sheria nyingi humngoja mtu aache shule ndipo zimtafute, na huyu wa kwetu ukisubiri ajulikane kuwa ameacha, tayari amezoea kushika noti kila jioni na hakuna mwalimu anayeweza kushindana na noti hiyo.

Na nani mwenye pikipiki? Wakati mwingine ni yule mkopaji mwenyewe. Mara nyingi ni mtu mwenye mshahara au duka: mwalimu, muuguzi, askari, mwenye hadithi ndefu ya kwa nini mshahara hautoshi, aliyenunua pikipiki moja kisha ya pili kama kitega uchumi. Anachotaka ni shilingi mia tatu kila jioni. Dereva mtu mzima hubishana naye juu ya breki, juu ya tairi, juu ya siku ya mvua. Mtoto habishani. Mtoto huleta hesabu na kuomba kesho tena. Ndiyo maana naandika kwamba mtoto huyu hakujiingiza barabarani peke yake. Aliajiriwa, na aliyemwajiri anajulikana kwa jina, kwa nambari ya usajili, na kwa hati ya umiliki iliyoko kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani.

Hebu sasa tutazame upande wa shule, kwa sababu haki haitatendeka tukimlaumu mwenye pikipiki peke yake. Tangu 2018 serikali imekuwa ikisema inalipa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Pesa hizo huchelewa, na zikija huwa zimepungua. Shule ina mpishi wa kulipwa, ina walimu walioajiriwa na bodi, ina kuni za kununua. Mwalimu mkuu anapoishiwa, anaita orodha ya wasiolipa pesa za chakula, na Jumatatu saa nne asubuhi kundi linaondoka langoni na mabegi. Mvulana anafika nyumbani. Baba hana. Mjomba ana pikipiki. Siku tatu za kutafuta pesa za chakula zinakuwa siku tisa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imesema wazi kwamba mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa kushindwa kulipa ada nyingine za aina hiyo. Sheria hiyo hiyo inampa mzazi asiyempeleka mtoto shule faini isiyozidi shilingi 30,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Tumeikumbuka sehemu ya mzazi tukaisahau ya shule. Basi tukiiga kipimo cha West Virginia cha siku 10 za utoro bila kuuliza nani aliyemtoa mtoto darasani, tutakuwa tunamwadhibu kwa siku alizofukuzwa. Siku ya kutumwa nyumbani kwa ajili ya karo isihesabiwe kamwe kuwa ya utoro. Iandikwe kwenye rejista kwa alama yake, ili mkaguzi akifungua aone kama ni mtoto aliyeikosa shule, au ni shule iliyomkosea mtoto.

Kuna pia msimu wa mavuno. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la nchi, na muhula wa tatu hugongana na mavuno. Magunia hutoka mashambani kwa pikipiki hadi palipo na lori, na malipo ya gunia ni mazuri kuliko ya abiria. Kipindi hicho hicho ndicho cha KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Watu wa elimu wanaojua ukanda huu hawashangai kuona mtahiniwa aliyesajiliwa akikosa karatasi ya pili. Nao ugonjwa wa Corona uliongeza chumvi kwenye kidonda: shule zilifungwa katikati ya Machi 2020, na wengi hawakuitwa tena darasani mpaka Januari 2021. Miezi tisa kwa mvulana wa miaka 15 ni muda wa kutosha kujifunza kazi, kupata wateja na kuzoea kuitwa dereva.

Upande wa Bungoma kuna jambo jingine, ambalo wageni hulipita juu juu. Wabukusu hutahiri wavulana mwezi Agosti wa miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024. Mvulana anaingia kwenye sherehe akiwa mtoto na anatoka akiwa mwanamume machoni pa ukoo wote. Septemba anaambiwa avae kaptura ya darasa, apige magoti mbele ya mwalimu, aombe ruhusa ya kwenda msalani. Wako wanaolimeza hilo, na ndio wengi. Wako wanaoona kwamba mwanamume ni mwenye pesa mfukoni, na pikipiki ndiyo inayozitoa haraka. Sisemi mila ndiyo yenye kosa. Nasema kinyume chake: pale kwenye khukhwalukha, wazee wanapowatoa vijana na kuwausia juu ya mke wa mtu, mali ya mtu na heshima ya mkubwa, kuna sauti yenye uzito kuliko ya afisa yeyote wa NTSA. Wazee wakisema mwanamume humaliza alichokianza, na kwamba ufunguo wa pikipiki haushikwi kabla ya cheti, kijana atasikia. Sijui kiongozi wa serikali anayeweza kusema maneno hayo yakaingia vivyo hivyo.

Kuhusu alama za mtihani sitakawia. Watahiniwa 962,512 walifanya KCSE ya mwaka 2024, na waliopata alama ya C+ na kuendelea walikuwa 246,391, kama robo hivi. Ukichukua alama hiyo kuwa kipimo cha ruhusa ya kuendesha, umewafungia barabara watatu katika kila wanne, wakiwemo waliokaa darasani kila siku ya miaka minne. Alama humpima mtoto, na humpima pia mwalimu wa fizikia ambaye shule ya kutwa ya kijijini haina. Mvulana wa shule kubwa kama Friends School Kamusinga na yule wa shule ya kutwa iliyofunguliwa juzi chini ya mti hawakimbii mbio moja. Mahudhurio yapo mikononi mwa kijana kwa kiasi kikubwa zaidi. Hayo ndiyo ya kutazamwa, na hayo tu.

Kwa nini basi sitaki mkono wa sheria umshike mtoto mwenyewe? Kwa sababu tumeona unavyoshika. Machi 2022, baada ya mwanamke mmoja mwendeshaji gari kushambuliwa na kundi la waendeshaji boda jijini Nairobi, serikali iliamuru msako wa nchi nzima na usajili mpya wa kila dereva. Pikipiki zikabebwa kwa malori. Muda mfupi baadaye msako ulisimamishwa. Uchaguzi wa Agosti ulikuwa mlangoni, na kila pikipiki iliyokamatwa ilikuwa na familia nyuma yake, na kila familia ina kura. Msako wa jumla hauwezi kudumu katika nchi ambayo watu wengi hivi hula kutokana na chombo kimoja.

Na msako mdogo wa kila siku una ubaya wake. Mweke mtoto asiye na leseni uso kwa uso na askari kwenye kizuizi, na utakuwa umetengeneza ada ya barabara. Atatoa mia, atapita, na kesho ataongeza mwendo ili airudishe ile mia. Sheria inayomtazama mtoto kama mkosaji humfundisha kuhonga kabla hajafundishwa kupiga kura. Wakati huo huo Kenya inapoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka barabarani, na waendeshaji wa pikipiki na abiria wao ni sehemu kubwa ya hao.

Napendekeza tuanze na sheria ambazo tayari tunazo. Sheria ya barabara inamkataza mwenye chombo kumruhusu asiye na leseni kukiendesha. Sheria ya elimu ya 2013 inakataza kumwajiri mtoto wa umri wa shule katika kazi inayomzuia kuhudhuria. Zote mbili zinamlenga mtu mzima. Kilichokosekana ni mahali pa kuzitekelezea, na mahali hapo pako: ni steji.

Asiyeijua steji huidhani ni kundi la watu waliokaa juu ya pikipiki. Steji ina mwenyekiti, mweka hazina na orodha. Ina kiingilio, na asiyelipa hapangi foleni. Dereva akimruka mwenziwe kwenye zamu anatozwa faini jioni hiyo hiyo. Akishukiwa wizi anaondolewa, na habari zake zinatangulia kwenye steji ya pili kabla yeye hajafika. Mwenyekiti anamjua kila mvulana anayepewa skwodi, anajua pikipiki ni ya nani, na anajua yule mvulana yuko darasa gani. Hakuna ofisi ya serikali yenye habari hizo zote.

Hapa Katiba ya 2010 inatusaidia kwa namna ambayo haijatumiwa. Jedwali la Nne linazipa kaunti usimamizi wa usafiri wa kaunti, pamoja na maegesho. Jedwali hilo hilo linazipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, ila mahali mvulana anapopanga foleni na mahali anapoweza kujifunza ufundi vyote viko chini ya gavana mmoja na bunge moja la kaunti. Bungoma na Trans Nzoia hazihitaji kuingoja Nairobi. Mswada wa usafiri wa pikipiki ambao Seneta Boni Khalwale wa Kakamega aliuleta mwaka 2023 ulielekeza macho kwenye bodi za usalama za kaunti, na huo ni mwelekeo mzuri. Lakini hata bila mswada huo, bunge la kaunti linaweza kutunga sheria ndogo ya steji zake.

Sheria hiyo ingesema hivi. Kaunti inaipa steji nafasi yake, kibanda na kivuli. Kwa upande wake steji inaweka orodha ya kila pikipiki, jina la mwenyewe na simu yake, na haimruhusu asiye na kitambulisho na leseni kupanga foleni. Pikipiki ikikutwa na mtoto wa umri wa shule, mtoto anapelekwa kwa mwalimu wake au kwa mzazi, si seli. Pikipiki ndiyo inayofungwa: siku 14 nje ya kila steji ya kaunti kwa mara ya kwanza. Kwa mwenye pikipiki anayepokea mia tatu kila jioni, hizo ni shilingi 4,200 zilizopotea, na mkopo unaendelea kudai. Mara ya pili mwezi mzima. Mwalimu au askari mwenye pikipiki atafikiri mara mbili kabla ya kumpa mtoto wa jirani ufunguo.

Steji nayo iwe na cha kupoteza. Ikifumbia macho mara tatu, ilipe ada kubwa zaidi ya nafasi yake mwaka unaofuata. Makampuni ya mikopo yaandike katika mkataba kwamba chombo kikishikwa na mtoto, aliyekopa amevunja sharti. Sitarajii yafurahi, lakini yana namba za simu za wateja wote na njia ya kujua pikipiki iko wapi saa yoyote, na hayo yakitumika kudai deni yanaweza kutumika kumlinda mtoto pia.

Lazima kaunti zote mbili zitunge sheria moja. Barabara ya Kitale na Webuye inavuka mpaka wa kaunti bila kumwambia mtu. Trans Nzoia ikikaza peke yake, wavulana wa Kiminini watahamia Kamukuywa wiki hiyo hiyo, na kinyume chake.

Shule nayo ina kazi yake, na si kubwa. Mwalimu wa darasa asisubiri siku 10. Siku ya tatu apige simu nyumbani, na simu hiyo ilipiwe na shule, kwa sababu walimu wamechoka kutumia pesa zao. Majina ya watoro yasibandikwe steji wala kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mwenyekiti wa steji hana haja ya kujua nani alikosa darasa, anahitaji tu kuuliza kitambulisho.

Sasa lile swali la Kentucky. Wako wavulana wa miaka 17 ambao hawatarudi darasani kukaa na watoto wa miaka 14, na kuwalazimisha ni kuwafanya kama wale wa Marekani waliobaki kwenye rejista wakihesabu siku. Hao waende kwenye chuo cha ufundi, na kuhudhuria kwao huko kuhesabiwe kuwa ni shule, kwa haki zote. Kuna Kitale National Polytechnic, kuna chuo cha Sang'alo upande wa Bungoma, na kuna vyuo vidogo vya kaunti katika wadi nyingi, vingine vikiwa na majengo mazuri na wanafunzi wachache. Mvulana anayeijua Boxer kwa masikio yake ameshafika nusu ya njia ya kuwa fundi. Kaunti ambayo haina nafasi hizo wala basari zake isianze kufunga pikipiki ya mtu. Ijenge mlango kwanza, ndipo ifunge ule mwingine.

Kuna kijana mmoja ambaye sitaki aguswe. Ana miaka 19, yuko kidato cha nne kwa kuwa alichelewa kuanza au aliwahi kukaa nyumbani, ana kitambulisho, ana leseni, na Jumamosi na likizo anabeba abiria ili ajilipie karo. Wapo wengi kuliko tunavyodhani. Kumnyima huyu leseni kwa sababu ya alama ni kumtoa shuleni kwa jina la kumweka shuleni. Steji impe nafasi jioni za wikendi na likizo, na siku za shule foleni imkatae mpaka masomo yaishe. Akilalamika, alalamike.

Siwezi kumaliza bila kuwataja wasichana. Steji hii hii inayompokea mvulana ndiyo inayomngoja msichana wa shule ya kutwa anayetembea kilomita sita asubuhi. Lifti ya bure leo, ya bure kesho, na mwezi wa pili anadaiwa kwa njia ambayo hakuikubali na kisheria hawezi kuikubali, maana Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haimtambui aliye chini ya miaka 18 kuwa anaweza kuridhia. Dereva anayefanya hivyo apelekwe polisi, na aondolewe steji zote za kaunti. Wenyeviti wanaojua na kunyamaza waondolewe pamoja naye. Kwenye hili sitaki siku 14 wala onyo la kwanza.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa maana nalisikia kila mara: mvulana huyu ndiye anayelisha nyumba, mama yake ni mjane, ukiifunga pikipiki umeifunga sufuria. Pingamizi hilo lina uzito na halijibiwi kwa hotuba. Linajibiwa kwa pesa za chakula cha mchana. Wavulana wengi wanaotolewa shuleni hutolewa kwa deni dogo la chakula, si kwa karo ya bweni ya shule ya kitaifa ya shilingi 53,554. Kila shilingi ya ada ya steji na ya faini ya pikipiki iliyofungwa iende moja kwa moja kwenye jiko la shule za kutwa za wadi ile ile ilikotozwa, na hesabu yake ibandikwe kwenye kibanda cha steji, mahali ambapo madereva wenyewe wataisoma. Muhula wa tatu, mavuno yanapoanza, ndio wa kuanzia, kwenye steji za barabara ya Kitale na Webuye kwanza, halafu Chwele, halafu Kanduyi.